Bunduki Tatu Zinamtosha Mwindaji wa Maine

Karibuni tena, ndugu zangu. Tuko Maine, Marekani, na bunduki ziko mezani. Kabla sijaanza, tazameni: mtutu unaelekea ukutani, bolti (kile kifungio cha nyuma ya mtutu) wazi, nachungulia chemba inapokaa risasi, napapasa kwa kidole. Tupu. Nafanya hivi kila ninapoishika, hata kama niliiweka chini sasa hivi.

Hatua ya kwanza haiko dukani. Ni kozi ya usalama wa uwindaji. Asiyewahi kuwa na leseni haipati bila hiyo. Dukani utajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununua bunduki, na rekodi zako zitachunguzwa. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, amuone wakili kwanza.

Sasa anza na hii ndogo, ya risasi za .22. Najua mnaitamani ile kubwa. Lakini hii haipigi teke na risasi zake ni rahisi, kwa hiyo utafyatua mia kwa siku moja mpaka uache kufumba macho. Kindi na sungura ni saizi yake. Kulungu usimguse nayo: utamjeruhi tu, akafie vichakani.

Ya pili ni shotgun, bunduki ya marisau, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu). Ningeambiwa nibaki na moja, ningeshika hii. Ukibadilisha risasi ni kama umebadilisha bunduki: marisau madogo kwa kwale, makubwa zaidi kwa bata mzinga, risasi moja nene kwa kulungu aliye karibu. Kwa bata maji, marisau ya madini ya risasi (Kiswahili kinatuchanganya hapa!) yamepigwa marufuku nchi nzima tangu 1991, nunua ya chuma, na bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu kwa mpigo. Kabla ya kulipa, fumba macho, ipachike begani, fumbua. Jicho likiwa halijakaa sawa na mtutu, kitako hicho si chako.

Ya tatu ni raifo ya bolti ya risasi za .308, kwa kulungu. Wazee wanasifu risasi ya .30-06 ya mwaka 1906, na hawakosei, ila bega langu linapendelea .308. Ifungie darubini nzuri, uilenge kwenye karatasi mita 90.

Nyumbani: bunduki ndani ya sefu, risasi kwenye kabati jingine lenye kufuli. Msimu wa kulungu vaa kofia na fulana za rangi ya chungwa inayong'aa. Na Jumapili usitoke. Maine hairuhusu kuwinda siku hiyo.