Fats Domino na tarumbeta ya mdomo

Jamani kabla sijaendelea, naomba huu wimbo wa Fats Domino, mwimbaji na mpiga piano Mmarekani mweusi, urudishwe kidogo hapo katikati. Haya. Mmesikia hiyo "wah wah wah"? Wengi mnadhani ni tarumbeta iliyozibwa mdomo, kumbe ni Fats mwenyewe anaimba! Huu wimbo ni The Fat Man, ulirekodiwa New Orleans tarehe 10 Desemba 1949, wakati huo Elvis Presley, yule wanayemwita mfalme wa rock and roll, ni kijana wa miaka 14 yuko shule. Kwa hiyo mtu akikwambia rock and roll ilianza na Elvis 1954, msikilizishe huu kwanza halafu muongee.

Na studio yenyewe ilikuwa chumba tu nyuma ya duka la fundi wa kurekodi muziki, Cosimo Matassa, pale Rampart Street, New Orleans. Hakuna cha mwimbaji aje leo mpiga drams aje kesho, wote mnaingia mnapiga pamoja, mmoja akiharibu mnaanza upya wote. Kwenye drams alikaa Earl Palmer, na aliyesimamia kazi ni Dave Bartholomew ambaye ndo aliandika na Fats nyimbo zake nyingi sana.

Piano, Fats alifundishwa na shemeji yake, Harrison Verrett, alikuwa mwanamuziki wa jazi, yeye alichofanya aliandika majina ya noti juu ya vitufe vya piano ili kijana asipotee. Mimi hiyo inanigusa kila nikiikumbuka, maana mchana huyu kijana alikuwa anafanya kazi kiwandani, kinatengeneza springi za vitanda, mikono ileile.

Sasa 1955 anatoa Ain't That a Shame. Redio nyingi za Wazungu zilikuwa hazipigi sana muziki wa weusi, Pat Boone, mwimbaji Mzungu, akaurudia wimbo uleule na wa kwake ukafika namba 1 kwenye chati ya pop, wa Fats ukaishia namba 10. Inauma, naisema wazi, sababu ukiweka zote mbili unasikia kabisa kilichopungua, ile ya Boone imenyooshwa mno, haina ule mzigo wa New Orleans unaokuvuta mabega.

Tuiweke ya Fats basi. Msihangaike na maneno, fuateni mkono wa kulia, pigo moja la ngoma yeye anagonga mara tatu, ta-ta-ta, ta-ta-ta, na hachoki mpaka mwisho. Ongeza sauti kidogo hapo.