Umeniona Mtandaoni, Hukuniuliza Hali

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma, asanteni kwa kunialika.

Mada niliyopewa ni faida na hasara za mitandao ya kijamii katika kujenga uhusiano wa dhati. Mada za aina hii zina mtego. Mzungumzaji huchora mstari katikati ya ubao, faida huku, hasara kule, kila upande hoja sita, kisha anarudi kuketi na ukumbi unatoka mikono mitupu. Mimi nina jambo moja tu, na ninalisema mapema ili hata atakayesinzia awe amelisikia. Mtandao huwaunganisha watu pale neno linapotoka kwa mtu likamwendea mtu. Likitoka kwa mtu likaenda kwa umma, hilo ni tangazo. Matangazo yana kazi yake na nitaitaja, lakini sijamwona aliyepona upweke kwa kusomewa matangazo.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1992 mwanaanthropolojia Mwingereza, Robin Dunbar, alilinganisha ukubwa wa ubongo wa nyani na wanyama wa jamii yao na ukubwa wa makundi wanamoishi. Kutokana na hapo akakadiria kwamba binadamu anamudu uhusiano wa kweli na watu wapatao 150. Wapo wataalamu wanaoipinga namba hiyo mpaka leo, na mimi siifii. Kinachonivutia ni alichochapisha mwaka 2016, baada ya watu nchini Uingereza kuulizwa kuhusu marafiki wao wa Facebook. Kwa wastani kila mmoja alikuwa na marafiki mia moja hamsini na ushei. Wakaulizwa: kati ya hao, ukipatwa na janga ungewakimbilia wangapi? Wanne. Ambao wangekuonea huruma? Kumi na wanne hivi. Na wale wenye marafiki wengi kupindukia hawakuwa na wa kuwakimbilia wengi zaidi. Walichoongeza ni watu wa kujuana juu juu.

Wahenga walikwisha kusema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mtandao haujaitengua kauli hiyo. Umetuongezea tu orodha ya watu ambao hatujawahi kuwajaribu.

Sasa naomba tusogee karibu tutazame jambo lenyewe. Mnalijua kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Saa mbili usiku admini anaweka habari: mwenzetu fulani amefiwa na baba yake. Ndani ya dakika kumi zinaporomoka pole. Poleni sana. Pole ndugu yetu. Mikono miwili iliyokutanishwa, mikono tena, mshumaa, mikono. Mmoja anabonyeza uso unaocheka mpaka machozi akidhani unalia, anashtuka, anafuta, na panabaki pale "ujumbe huu umefutwa" ambao kila mtu alikwisha uona. Mwingine anakopi pole ya mwenzake na jina lake ndani. Kufikia saa tatu mtu ameleta tangazo la viwanja na habari imepanda juu, haionekani tena.

Usiku huohuo, kwenye simu hiyohiyo, programu hiyohiyo, mfiwa anapata ujumbe wa pembeni: "Nimesikia. Usinijibu sasa. Kesho watoto nawapeleka shule mimi, wawe tayari saa kumi na mbili na nusu." Basi, hakuna mikono wala mshumaa.

Anayesema WhatsApp imeua utu aniambie huo ujumbe wa pili ulipita njia gani. Na anayesema imetuleta karibu aniambie zile pole mia mbili zilimfikisha nani nyumbani kwa mfiwa. Chombo ni kimoja. Tena tusizidharau zile mia mbili: bila tangazo la admini, yule wa watoto asingejua. Tangazo lilifanya kazi yake. Kasoro inaingia pale ninapobonyeza mikono miwili nikaamini kwamba nimekwenda kuhani.

Hili si hisia zangu tu. Mwaka 2016 Moira Burke na Robert Kraut walichapisha utafiti kuhusu watumiaji wa Facebook. Waliona kwamba watu walijisikia afadhali walipopokea maneno waliyoandikiwa wao, kutoka kwa mtu wa karibu. Laiki za kubofya mara moja, na taarifa zilizotumwa kwa wote, hazikuwa na uzito huo. Huyu Kraut ana historia ndefu na suala hili. Mwaka 1998 yeye na wenzake walitoa matokeo kuhusu familia 73 za Pittsburgh, Marekani, zilizokuwa zimewekewa intaneti majumbani: waliotumia zaidi walipunguza mazungumzo na jamaa zao, na upweke wao ukaongezeka. Dunia ikashtuka. Mwaka 2002 wakarudi na habari nyingine: madhara yale kwa sehemu kubwa yalikuwa yameyeyuka. Ila walipochunguza watu wengine wapya, wachangamfu na wenye watu wa kuwaegemea walinufaika zaidi, huku wakimya upweke wao ukizidi. Mwenye nacho akaongezewa. Nawaomba hilo mlishike, kwa sababu mabishano mengi tunayosikia ni ya watu wawili wanaosema kweli tofauti, kila mmoja akisimulia intaneti ya maisha yake.

Kuna faida moja ambayo wazee wenzangu huwa tunaibeza, na tunakosea. Ni ile ya watu wa kujuana juu juu. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha kwamba waliopata kazi kupitia watu, mara nyingi habari za kazi waliletewa na watu wanaoonana nao kwa nadra. Sababu yake iko wazi: rafiki yako wa chanda na pete anajua unayoyajua. Mtu wa mbali anajua ya kwao. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapa jaribio lililofanywa ndani ya LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, likihusisha watu zaidi ya milioni 20, na likatoa picha iliyo karibu na hiyo: watu wasio wa karibu sana ndio waliosaidia zaidi mtu kuhamia kazi mpya. Kwa hiyo marafiki mia tano wa mtandaoni si takataka. Wao ni masikio na macho, mradi tusiwadai wawe mabega.

Na yuko mgonjwa mwenye maradhi ambayo daktari wake ameyaona mara moja maishani, akapata kundi la wenye maradhi hayohayo. Yuko kiziwi anayezungumza kwa ishara na mwenzake kwenye simu ya video, jambo ambalo simu ya kawaida haikumpa kamwe. Yuko mama ambaye mwanawe anaishi ng'ambo. Ile simu yao ya video mnaijua: imeegemezwa kwenye glasi, kinachoonekana ni dari na nusu ya paji la uso, na mama anauliza, "Unaniona?" Anaonekana nywele tu, lakini hakuna anayekata, hata maneno yakiisha. Mimi hiyo naihesabu kuwa kukutana. Fimbo ya mbali haiui nyoka, kweli, lakini sauti ya mbali humfanya mtu asikae na nyoka peke yake.

Niseme sasa juu ya kinachonikera zaidi, nacho si uongo wala picha za kujipamba. Ni ile hali ya kuwa na habari za mtu bila kuzungumza naye. Nimeona stetasi yako, najua umesafiri, najua mtoto amehitimu, najua umenyoa ndevu. Tukikutana nasema, "Nimekuona ulisafiri." Unasema, "Eh, nilisafiri." Yamekwisha. Zamani ningeuliza safari ilikuwaje, nawe ungenisimulia kwamba ulilia uwanja wa ndege, jambo ambalo hukuliposti. Picha imejibu swali kabla sijaliuliza, na imelijibu vibaya. Mtu anaweza kutazamwa na watu mia tatu kwa siku na asiulizwe na hata mmoja, "Umelalaje?" Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti ya Juni 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na vijana wakiwamo kwa wingi, hao hao wenye wafuasi. Sisemi mitandao ndiyo sababu. Nasema kutazamwa hakukuwatibu.

Na kampuni hazina haraka ya kutusaidia hapo. Kitufe cha laiki kiliwekwa Facebook mwaka 2009, na kilirahisisha kitu ambacho kilikuwa na thamani kwa sababu hakikuwa rahisi. Ukurasa usio na mwisho, ule unaoperuzi mpaka kidole kinachoka, ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, ambaye baadaye alikiri hadharani kuujutia. Vyote viwili vinakula muda, na urafiki haujengwi kwa kitu kingine. Jeffrey Hall, mtafiti wa Marekani, alikadiria kwamba inachukua saa hamsini hivi pamoja ili mtu unayemjua awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya mia mbili ili awe wa karibu. Hizo ni saa za kuwa na mtu, kucheka na kubishana naye, si za kupitia picha zake.

Lakini tusijidanganye kwamba tukizima simu tutakimbilia kwa marafiki. Wanauchumi wa Marekani waliwalipa watu wazime Facebook kwa wiki nne kabla ya uchaguzi wa mwaka 2018. Waliozima walipata kama saa nzima kwa siku. Sehemu ya muda huo ilikwenda kwa jamaa na marafiki, ndiyo, na sehemu ikaenda kwenye televisheni, peke yao kwenye kochi. Furaha ikapanda kidogo. Ujuzi wao wa habari za nchi ukashuka. Kuzima tu hakukumleta mtu mlangoni.

Ninachopendekeza ni kidogo mno na wengine watakicheka. Ukiona habari ya mtu unayemjali, acha kile kitufe, mpigie. Tunaogopa kupiga. Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha mwaka 2021 majaribio ambamo watu walitakiwa kumtafuta rafiki wa zamani, ama kwa simu ama kwa barua pepe. Wengi walidhani simu ingewatia aibu. Waliopiga walijikuta karibu zaidi na wenzao, na aibu yenyewe haikuzidi ya walioandika. Kama simu ni nzito, tuma ujumbe wa sauti, ataisikia hata pumzi yako. Anza na jina lake. Uliza swali ambalo picha haikulijibu.

Kuhusu watoto nitakuwa mfupi, maana najua ndilo linalowawasha. Australia imewazuia walio chini ya miaka 16 kumiliki akaunti kwenye mitandao mikubwa tangu Desemba 10, 2025. Upande mwingine, Amy Orben na Andrew Przybylski walichambua takwimu za mamia ya maelfu ya vijana mwaka 2019 wakaona kwamba matumizi ya teknolojia yanaeleza asilimia 0.4 tu, tena kwa kiwango cha juu, ya tofauti za ustawi wao. Mimi naiheshimu hesabu hiyo, ila wastani hauketi na mtoto chumbani. Mtoto mmoja mkimya anayeperuzi hadi saa nane za usiku amemezwa katika wastani huo na wenzake kumi wanaochekeshana. Marufuku ya umri naiunga mkono kwa shingo upande: itampunguzia mtoto matangazo, haitampa wa kuzungumza naye.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kipaza sauti kimpitie kwanza yule dada wa safu ya tatu, ambaye tangu nilipotaja Australia anatikisa kichwa. Karibu, dada, tupinge.