Mwenye Duka wa Yushu na Haki ya Kitibeti

Ndugu wasikilizaji, anayesimama kuitetea Tibet kwa kawaida huanza na mwaka 1950, majeshi ya China yalipoingia Chamdo, mashariki mwa Tibet, akafika kwenye maasi ya Lhasa, mji mkuu wa Tibet, ya Machi 1959, ambayo baada yake Dalai Lama, kiongozi wa kidini wa Watibeti, alikimbilia India. Historia hiyo bado inauma, lakini leo nitaanza na mwenye duka.

Anaitwa Tashi Wangchuk, mwenyeji wa Yushu katika mkoa wa Qinghai. Nautaja mkoa huo kwa makusudi, kwani zaidi ya nusu ya Watibeti walioko China wanaishi nje ya eneo linaloitwa rasmi Tibet, na anayeitazama Lhasa peke yake hajawaona. Mwaka 2015 alisafiri hadi Beijing kutafuta njia ya kuwashtaki viongozi wa kwao, kwa sababu watoto hawakuwa wakifundishwa Kitibeti ipasavyo, na hakupata wakili wa kulichukua shauri lake. Akayaeleza hayo mbele ya kamera ya gazeti la New York Times. Januari 2016 alikamatwa. Miaka miwili baadaye video ileile ikaletwa mahakamani kuwa ushahidi dhidi yake. Na Mei 2018 akahukumiwa kifungo cha miaka 5 kwa kosa la kuchochea utengano. Aliachiwa Januari 2021, alipokwisha kukitumikia chote.

Katika maelezo yake hakudai kwamba Tibet ijitenge. Alidai jambo lililomo katika ibara ya 4 ya Katiba ya China yenyewe, inayowapa watu wa makabila yote uhuru wa kutumia na kuendeleza lugha na maandishi yao. Ikiwa raia anayeomba katiba ya nchi yake itekelezwe huhesabiwa kuwa adui wa nchi hiyo, basi sioni Mtibeti alipoachiwa mlango wa kupitia.

Februari 2023, wataalamu 3 wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza hofu yao kwamba watoto wa Kitibeti wapatao milioni 1 wametenganishwa na familia zao kwa kupelekwa shule za bweni, ambako masomo hutolewa kwa Kichina. Serikali ya China ilikanusha, ikajibu kwamba wazazi hupeleka watoto kwa hiari na kwamba watu wa nyanda zile wanaishi mbalimbali. Umbali huo ni wa kweli, nami siudharau. Lakini umbali hauelezi kwa nini shule za vijijini zifungwe, wala kwa nini mtoto akifika bwenini asisomeshwe hesabu kwa lugha ya mama yake.

Dalai Lama mwenyewe kwa miaka mingi ameshikilia Njia ya Kati, yaani Watibeti wajitawale kikweli wakiwa ndani ya China, na wajumbe wake walikutana na maofisa wa Beijing kuanzia mwaka 2002 hadi 2010, mazungumzo yalipokatika. Tunataka serikali zetu ziyadai upya mazungumzo hayo katika Baraza la Haki za Binadamu huko Geneva, na ziombe wachunguzi huru waruhusiwe kuingia katika shule hizo, wachague wao wenyewe watakazozitembelea, na wazungumze na wazazi pasipo ofisa wa serikali kuwapo chumbani.