Pole ya Kwenye Simu

ZUHURA: Karibuni tena. Wiki iliyopita hatukuwepo, na wengi mlituma salamu, tumezipata. Baraka, poleni tena kwa kuondokewa na mama mdogo.

BARAKA: Tumeshapoa, dada. Tulizika Korogwe, watu walijaa, tunashukuru. Ila kuna jambo limenikaa, ndiyo maana nikaomba tubadilishe mada. Usiku baada ya mazishi, wageni wamelala, nikasikia mama anaongea sebuleni. Kuchungulia, kashika simu ya binti yangu, anaongea na ile programu ya akili mnemba. Anaisimulia mdogo wake alivyokuwa akimsuka walipokuwa wasichana. Programu ikajibu: "Pole sana mama. Alipenda kukusuka mtindo gani?"

ZUHURA: Ikauliza mtindo?

BARAKA: Ikauliza. Mama akasema, ule mtindo wa twende kilioni. Msiba mzima hakuna aliyemuuliza hilo. Sisi watoto tulikuwa kwenye michango na mapishi. Akalia, akapangusa uso kwa pindo la kanga, akalala. Asubuhi ananiita ana malalamiko: "Huyu mtoto wa kwenye simu hana adabu. Tumeongea usiku kucha, hajaniamkia."

ZUHURA: Mama ana haki!

BARAKA: Nilijua utasema hivyo. Wasikilizaji wanakujua kwa salamu.

ZUHURA: Nina mambo matatu niliyoyaandaa ili msikilizaji aondoke nayo leo. La kwanza: humo ndani kuna mtu? Mama kaliruka hilo, yeye anataka umri. Haya, nani mkubwa?

BARAKA: Mama, bila shaka. Ana miaka 71. Programu hizi zimeenea kwa watu wa kawaida tangu mwishoni mwa 2022.

ZUHURA: Usiende haraka. Maneno inayoyasema yamekusanywa kwenye vitabu, magazeti, barua za watu waliokufa zamani. Kwa maneno, hicho ni kikongwe.

BARAKA: Mtoto wa darasa la tatu akikariri shairi la miaka 200 tutamwamkia? Tena Alan Turing, yule mwanahisabati Mwingereza, yuko upande wa mama. Makala yake ya 1950, inayouliza kama mashine inaweza kufikiri, watu wanakumbuka ule mchezo tu, mashine inajibu kwa maandishi na wewe ukisie kama ni mtu. Mwishoni anasema lingine: badala ya kuunda akili ya mtu mzima, unda ya mtoto, kisha uisomeshe, kwa tuzo na adhabu. Mtoto aliyesomeshwa bila kufundishwa kuamkia, kalelewa na nani?

ZUHURA: Baadhi ya walezi wako Nairobi. Mwanzoni mwa 2023 zilitoka habari za vijana waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji wa watoto, wayawekee alama ili programu ijifunze kuyaepuka. Vijana wale wanajua kuamkia wazee. Walipewa uchafu wasafishe, adabu yao haikuulizwa. Hilo linaniuma kuliko maswali yote ya vitabuni.

BARAKA: Mama angesikia hilo angesema wapewe pole wao kwanza.

ZUHURA: Mlijaribu kuiambia imwamkie?

BARAKA: Binti yangu aliiambia. Ikasema, "Shikamoo bibi." Mama akaitikia marahaba, kisha akasema ya kuagizwa haihesabiki. Nikamwambia, mama, yangu mimi si uliiagiza kwa fimbo?

ZUHURA: Akasema?

BARAKA: Akasema, "Wewe uliendelea nilipoiweka fimbo chini."

ZUHURA: Hapo kamaliza! Na ile pole ni vilevile, ya kuagizwa. Mwanafalsafa John Searle alilieleza mwaka 1980 kwa mfano. Mtu yuko chumbani, Kichina hajui hata neno, ana kitabu cha maelekezo: ikiingia karatasi yenye alama hizi, toa yenye alama zile. Walio nje wanaamini wanaongea na mjuzi. Mle ndani hakuna anayeelewa.

BARAKA: Sawa, lakini msibani kwetu ilisomwa barua ya rambirambi ya kiongozi. Iliandikwa na katibu wake, na kiongozi mwenyewe huenda hata hakuisoma. Tuliipokea kwa heshima, mama akaomba aihifadhi. Mle ndani alikuwepo nani?

ZUHURA: Ilikuwepo ofisi. Isingekuja, mngenuna. Kwangu mimi kipimo ndicho hicho, Baraka. Anayekupa pole ni mtu unayeweza kumnunia asipokuja. Amefunga duka, amepanda basi, ameacha mtoto kwa jirani. Programu utainunia vipi? Haikuacha chochote.

BARAKA: Unapima pole kwa nauli ya mleta pole. Mimi naipima kwa aliyefiwa. Mama alilala.

ZUHURA: Hata dawa ya usingizi inalaza.

BARAKA: Dawa haiulizi mtindo wa nywele.

ZUHURA: Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1966 alitangaza programu ya kuongea na watu kwa maandishi, ELIZA. Kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza maneno yako kuwa swali. Ukisema unamkumbuka mama, inakuuliza habari za familia. Katibu wake alimwona akiitengeneza miezi yote ile, na bado, alipoanza kuongea nayo, akamwomba bosi atoke nje ya chumba. Weizenbaum aliogopa, akatumia miaka mingi kuonya watu. Mimi naogopa pamoja naye. Kesho watoto watasema bibi ana simu, tusafiri ya nini?

BARAKA: Hilo ni kosa la watoto, si la simu. Na yule katibu hakuwa mjinga, alikuwa na jambo la kusema na hakuwa na wa kumwambia.

ZUHURA: Alikuwepo Weizenbaum!

BARAKA: Aliambiwa atoke, Zuhura. Mbona hilo hulijali?

ZUHURA: Nalijali, na sikubali.

BARAKA: Na mimi sikubali.

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha dakika moja.

BARAKA: Na mambo yako matatu?

ZUHURA: Hata la kwanza hatujalimaliza. Yabaki. Tutumieni sauti zenu, zisizidi dakika moja. Mwenye bibi au babu anayeongea na hizi programu, atuambie wanaongea nini, na kama anapenda kuulizwa hayo na wajukuu.