Siku ya Kuzaliwa Mwandishi, Asomwe

Mhadhara uliotolewa Tanga, Jumamosi tarehe 3 Januari 2026, mbele ya walimu wa Kiswahili, wazazi na wanafunzi. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu, na ninyi vijana mliobanana huko nyuma karibu na mlango: asalaam aleikum. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimepewa nusu saa nizungumzie namna tunavyoadhimisha siku za kuzaliwa za waandishi, wasanii na watu wa historia yetu. Wengi humu mmeshanisikia nikilisema hili, kwamba siku yake mwandishi asomwe, wengine zaidi ya mara tatu. Nalisema tena kwa kuwa bado halijafanyika.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, hapa hapa kwetu, Vibambani, upande wa Machui. Leo ni tarehe 3. Nilipoomba tukutane siku yenyewe niliambiwa, mwalimu, mwaka mpya nani atakuja, watu wamekesha. Nikakubali, ila sikuridhika, na nasema mbele yenu kwamba sikuridhika. Kila mwaka siku yake inamezwa na fataki na pilau, na anayekumbuka anatuma picha yake kwenye simu, anaandika "heri ya kuzaliwa, gwiji wetu", anaweka ule mstari wa titi la mama, basi, amemaliza. Mtu aliyeacha vitabu zaidi ya ishirini tumemfanya mtu wa mstari mmoja.

Niwasimulie kisa. Waliokwisha kukisikia wanivumilie, nina sababu ya kukirudia.

Miaka kadhaa nyuma nilialikwa na shule moja, sitaitaja, niwe mgeni rasmi siku ya kumwadhimisha Shaaban Robert. Nikafika asubuhi. Wameandaa kwa moyo, hilo siwanyimi: turubai, viti vimevalishwa vitambaa, bango refu lenye picha yake, spika mbili zinazopita kimo changu, na keki yenye jina lake kwa sukari ya buluu. Nikapewa ratiba. Nikaisoma mara mbili. Dua, ufunguzi, wimbo wa shule, ngonjera, risala, kukata keki, neno la mgeni rasmi, chakula, picha ya pamoja. Kusoma hakumo. Siku nzima ya mwandishi, na hapana dakika moja ya kusikia alichoandika.

Ilipofika zamu yangu nikasema, mimi sina hotuba, nileteeni kitabu chake chochote. Walimu wakatazamana. Mvulana mmoja akatumwa mbio kabatini, akarudi, limefungwa. Ufunguo uko kwa mwalimu wa taaluma, na mwalimu wa taaluma ameenda kufuatilia soda. Tukakaa. Nilikataa kujaza ule muda kwa maneno, nikasema tutangoja. Hata kungoja kulikuwa somo siku ile, maana watoto waliona watu wazima wakitaabika kutafuta kitabu.

Kikaja kimoja, Kusadikika. Jalada halipo, kimevishwa karatasi ya kaki, nayo imelainika kwa mikono ya watu mpaka inateleza. Kurasa za mwanzo zimeshonwa kwa uzi mweusi wa nguo. Mchwa wamekula pembe ya chini, kwa hiyo kila ukurasa una maneno mawili matatu ya kukisia. Ndani pale mbele kuna orodha ya waliokiazima, jina chini ya jina, kidato na mwaka, kila mtu na mwandiko wake. Nikaifuata kwa kidole mpaka chini. Jina la mwisho lilikuwa la miaka 11 nyuma. Miaka 11 kitabu kile kimekaa gizani, na kila Januari mwenye kitabu anakatiwa keki hatua arobaini kutoka lilipo kabati.

Nikamwita binti mmoja wa kidato cha pili, nikamwambia soma toka mwanzo. Akaanza kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Taratibu akashika mwendo. Akafika baraza la mfalme wa Kusadikika, ile nchi iliyoko angani, Majivuno anamshitaki Karama kwa kuwa amefundisha watu elimu ya sheria. Hapo mvulana wa mstari wa tatu, bila kunyoosha mkono, akauliza kwa sauti: "Kwani kujua sheria ni kosa?"

Nawaombeni mlipime swali hilo. Kitabu kilitoka mwaka 1951, chini ya utawala wa Mwingereza, kimeandikwa na karani wa serikali hiyo hiyo. Kina wajumbe sita waliotumwa huku na huku, wakarudi na mema ya nchi za wenzao, wakalipwa kifungo. Na mtoto aliyezaliwa miaka mingi baada ya bendera kubadilika anakisikia dakika saba tu, anauliza lile lile mwandishi alilotaka msomaji ajiulize. Ile ndiyo ilikuwa sherehe. Keki ikakatwa baadaye, watoto wakala, nami nikala. Sina ugomvi na keki. Ugomvi wangu ni na ratiba isiyo na kitabu.

Sasa, nikisema hivi husimama mtu akaniambia: mwalimu, hizo siku za kuzaliwa ni mambo ya Wazungu, sisi kwetu ni hitima na arobaini, tunamkumbuka mtu kwa kufa kwake. Ndugu yangu, umekulia pwani hii kweli? Hujapata kukaa Maulidini? Siingii katika mjadala wa masheikh kuhusu hukumu yake, hilo lina wenyewe, wala simfananishi mtu yeyote na Mtume. Natazama adabu ya kikao tu. Watu wanakusanyika kwa ajili ya kuzaliwa, na kazi kubwa ya kikao ni kusoma. Barzanji, kile kisomo cha Maulidi, inasomwa kwa zamu, sura kwa sura, huyu akimaliza anapokea mwingine, na waliokaa wanaitikia. Ikifika habari ya uzazi wote wanasimama kiyamu. Udi unafukizwa, marashi yanapitishwa, na chakula kinangoja mpaka kisomo kiishe. Mtoto wa miaka sita aliyelala kwenye paja la babu yake anaamka amebeba maneno mawili. Nendeni Lamu, Msikiti wa Riyadha, muone wageni wa pwani yote wanavyokuja kila mwaka kwa kikao kama hicho. Basi nani anatuambia hatujui kuadhimisha kuzaliwa? Tunajua. Tuna adabu kamili ya jambo hilo, na kiini chake ni kisomo. Tumeiacha msikitini, tukitoka nje tunaazima keki na spika.

Na hao Wazungu wenyewe, kama lazima tuwatazame, tuwatazame vizuri. Robert Burns, mshairi wa Uskoti, alizaliwa tarehe 25 Januari 1759. Mwaka 1801, miaka mitano baada ya kifo chake, marafiki zake walikusanyika Alloway katika kibanda alichozaliwa, wakala pamoja na kusoma mashairi yake. Baadaye desturi ikahamia siku ya kuzaliwa, na mpaka leo kila Januari Waskoti wanakaa mezani, wanaletewa kile chakula chao cha moyo, maini na mapafu ya kondoo, na kabla kisu hakijagusa, mtu anasimama na kughani shairi ambalo Burns alikitungia chakula hicho. Shairi kwanza, tonge baadaye. Na jueni kwamba Burns alikuwa mtumishi wa ushuru. Wetu naye alikuwa karani wa forodha, toka 1926 mpaka 1944. Wote wawili mchana wanahesabu mizigo ya watu, usiku wanaandika kwa lugha ya nyumbani. Mmoja ana karamu duniani kote, na wa pili tumemsogeza kwa siku mbili kwa sababu ya usingizi.

Samahani, nimepandisha sauti.

Kuna pingamizi la pili, na hili lina uzito. Wengi wa watu wetu wakubwa hatuna tarehe zao. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, nani aliandika siku? Alizaliwa kwa watu wa hali ya chini, akaitwa Mtumwa, akabeba vyungu kichwani kuviuza mjini huku akivinadi kwa sauti yake. Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Akafariki 1950. Shaaban Robert hakungoja cheti cha kuzaliwa, alimwandikia wasifu, ukatoka 1958. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, naye twakisia kwamba alizaliwa karne ya 18 ikielekea mwisho, akafa karibu na 1840. Diwani yake ilichapishwa 1940. Baina yake mashairi yalikaa wapi? Vinywani mwa watu. Wazee wa Mombasa waliyahifadhi miongo kadhaa, mpaka Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaandika pamoja na yule mmisionari Taylor. Hao hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa Muyaka, walikuwa na beti zake.

Na Mwana Kupona. Mwanamke wa Pate, mgonjwa, mwaka 1858 anamtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa beti 102. Tarehe ya kuzaliwa kwake hatunayo, lakini wanafunzi wangu walipousoma darasani kila mwaka kulikuwa na binti aliyekasirika na binti aliyelia, na mara nyingi alikuwa yule yule mmoja. Anakasirika kwa yale anayoambiwa mke afanye, analia kwa kuwa mama anaaga. Nikiwaacha wabishane kipindi kizima, Mwana Kupona yumo chumbani. Kwa hiyo asiye na tarehe mchagulieni siku. Siku ya kufariki, siku ya kitabu kutoka, hata Ijumaa yoyote. Lakini Shaaban Robert tarehe yake tunayo, kwake hatuna udhuru.

Wazazi, na ninyi nina neno lenu. Shaaban Robert alikuwa na mdogo wake, Yusuf Ulenge. Alimwandikia barua, za kwanza za mwaka 1931, za mwisho 1958. Yusuf alizitunza. Fikirini miaka hiyo yote, kuhama nyumba, mvua, panya, wageni wanaotafuta karatasi ya kuwashia moto, na barua zipo. Mwaka 2002 zikachapishwa kitabu, Profesa Mulokozi akizihariri, na leo unaweza kumsikia mtu mkubwa yule akizungumza na nduguye mambo ya nyumbani, fedha, ugonjwa, vitabu. Yusuf alimfanyia kaka yake heshima kuliko mabango yote niliyopata kuyaona. Nani kwenu ana sanduku la karatasi za babu mshairi, za shangazi aliyetunga nyimbo za kikundi? Msizichome. Zipigeni picha kwa simu, mwandike nyuma ni za nani na za lini.

Na vipo vitabu vyake mwenyewe ambavyo hakuwahi kuvishika. Alifariki Juni 1962, akazikwa Machui. Kufikirika kilichapishwa 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi kubwa mno kuhusu vita vya 1939 mpaka 1945, nao 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, 1968. Mnaotafuta zawadi ya kumpa mtu aliyekwisha kufa, someni hivyo.

Mwenyekiti ananionyesha kidole kimoja. Dakika moja? Basi nakimbia. Nilitaka kusema juu ya Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, 20 Desemba 1948, Tuzo ya Nobeli 2021. Riwaya yake mojawapo sasa ipo kwa Kiswahili, Peponi, kaitafsiri Ida Hadjivayanis. Walimu, Desemba itakapofika iwepo mezani. Nilitaka kusema juu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya. Keshokutwa, tarehe 5, ndiyo siku aliyozaliwa, mwaka 1938, na ni mara ya kwanza inakuja yeye hayupo, alitutoka Mei iliyopita. Aliandika riwaya ya Kigikuyu gerezani Kamiti juu ya karatasi za chooni. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya karatasi hizo, nayaacha.

Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, nimemruka, nisameheni. Mwalimu Nyerere na tafsiri zake za Shakespeare, nazo nimeziruka.

Ila hili siliruki. Nimekuja na nakala saba za Kusadikika kwenye mfuko huu, nimezinunua kwa pesa yangu, nazo zitabaki hapa Tanga, zitazunguka shule kwa shule. Kila msomaji aandike jina lake ndani, na mwaka. Januari ijayo nitataka kuona orodha.

Sasa wewe binti, mwenye mtandio wa kijani. Ndiyo, wewe. Njoo mbele mwanangu. Kijana wa mitambo, zima hiyo spika, ukumbi ni mdogo, atasikika. Wa nyuma sogeeni. Chakula kiko tayari, kinaweza kungoja. Utasoma kurasa tano, mwenzako atapokea. Bismillah, ukurasa wa kwanza.