Kushika Darasa la Mwenzako: Maisha ya Mwalimu wa Muda

BARAKA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia kazi ambayo wengi wetu tuliishuhudia tulipokuwa wanafunzi bila kuitilia maanani, nayo ni kazi ya mwalimu wa muda, yule anayeitwa kushika darasa pale mwalimu mwenyewe anapougua, anapokwenda likizo ya uzazi au anapohudhuria mafunzo. Mwenzangu katika kipindi hiki, Zuhura, ana umri wa miaka thelathini na kitu, na hiyo ndiyo kazi anayoifanya. Mimi nimeajiriwa katika shule moja kwa muda mrefu, kwa hiyo naliona jambo hili kwa upande wa pili, upande wa mwalimu anayeliacha darasa lake mikononi mwa mtu asiyemfahamu. Dada Zuhura, siku yako huanzaje?

ZUHURA: Ahsante, kaka Baraka. Siku yangu huanza kwa simu, na mara nyingi simu hiyo huja alfajiri, kwa sababu mtu hajui jana yake kwamba ataamka mgonjwa. Nimejizoeza kuwa na mkoba uliokwisha kufungwa, wenye kalamu, chaki na kalamu za ubao, karatasi tupu za kutosha darasa zima, na mazoezi machache ninayoweza kuyatumia kwa rika lolote iwapo nitakuta meza haina maelekezo yoyote. Anayenipigia namwuliza mambo mawili tu kabla ya kukubali: ni darasa la ngapi, na je, yuko mwanafunzi mwenye hitaji la pekee la afya au la kujifunza ambalo ni lazima nilifahamu kabla ya kuingia? Swali la pili huwashangaza baadhi ya watu, lakini mtoto mwenye kifafa au mwenye pumu hawezi kusubiri mpaka mimi nizoee mazingira.

BARAKA: Na ukishafika?

ZUHURA: Nikifika natafuta daftari la mahudhurio kabla ya kitu kingine chochote. Wengine hudhani kuita majina ni desturi tu ya kuanzia kipindi, lakini king'ora cha hatari kikilia, orodha ile ndiyo itakayoniwezesha kujua kama wote wametoka, kwa kuwa mimi siwezi kutazama nyuso nikatambua nani amekosekana. Wewe unaweza. Kisha naenda kwa mwalimu wa darasa la jirani, namsalimu na kumwambia niko pale. Salamu hiyo ina faida kubwa kuliko inavyoonekana, kwani nikihitaji msaada katikati ya kipindi, sitakuwa mgeni anayegonga mlango.

BARAKA: Nikuulize kuhusu dakika za mwanzo darasani. Wanafunzi wangu huniambia waziwazi kwamba wakisikia mwalimu wao hayupo, hujipanga kubadilishana viti na majina.

ZUHURA: Hufanya hivyo, na siwalaumu. Wanapima mipaka iko wapi, na wana haki ya kutaka kujua. Kuna mtafiti wa Marekani aitwaye Jacob Kounin, aliyechapisha mwaka 1970 matokeo ya uchunguzi wake kuhusu nidhamu darasani. Alikuta kwamba walimu wenye madarasa tulivu hawakutofautiana sana na wengine katika namna ya kukemea kosa likishatendeka. Tofauti ilikuwa katika kulizuia lisianze: mwalimu anajua kinachoendelea katika kila kona, na wanafunzi wanajua kwamba anajua, na anavuka kutoka shughuli moja hadi nyingine bila kuacha pengo. Sasa tazama hali ya mwalimu wa muda. Ujuzi huo wa kila kona hanao, kwa sababu hajui nani asikae na nani, wala nani akinyamaza ni dalili ya kuelewa na nani akinyamaza ni dalili ya kupotea. Kinachobaki mikononi mwake ni hilo la pili, yaani kazi isiyo na mapengo. Ndiyo maana kabla wanafunzi hawajaingia, kazi yao ya kwanza huwa tayari imeandikwa ubaoni, na mimi nasimama mlangoni nikimpokea kila mmoja na kumwuliza jina lake.

BARAKA: Jina unaloambiwa mlangoni linaweza lisiwe lake.

ZUHURA: Linaweza. Lakini aliyenidanganya jina hulazimika kuliitikia kipindi kizima, na baada ya muda mfupi huchoka akanong'oneza la kweli. Silifanyi kuwa kesi. Jambo ninalolisimamia kwa nguvu zaidi ni sauti yangu. Asiyejua majina huwa na kishawishi cha kuita kwa sauti kubwa, "wewe pale nyuma", na akifanya hivyo siku nzima, jioni koo limekwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanyika katika majimbo ya Iowa na Utah huko Marekani, ulionesha kwamba asilimia 11 ya walimu walikuwa na tatizo la sauti wakati walipohojiwa, ilhali kwa watu wasio walimu ilikuwa asilimia 6.2. Kwa hiyo nasogea. Nikitaka mwanafunzi wa nyuma anyamaze, natembea mpaka karibu na dawati lake huku nikiendelea kufundisha, na mara nyingi hilo latosha.

BARAKA: Hapo umetumia neno "kufundisha". Wapo wanaosema kwamba mwalimu wa muda hafundishi, bali analinda watoto wasiumizane mpaka kengele ilie.

ZUHURA: Hilo ndilo jambo lililonifanya nitake tufanye mazungumzo haya, kaka Baraka, kwa maana naliona linawaumiza wanafunzi kuliko linavyoniumiza mimi. Kipindi si mali ya mwalimu aliyeugua, hata kisimame mpaka apone. Ni mali ya mtoto, na siku yake ya shule haitarudi. Mwalimu akienda likizo ya uzazi, mtoto hukaa na mtu kama mimi kwa miezi kadhaa, na ikiwa mtu huyo ameambiwa alinde tu, basi mtoto amepoteza sehemu nzima ya mtaala. Ngoja nikupe mfano. Niliwahi kushika darasa la hisabati, na andalio la somo lilikuwa mstari mmoja: wamalize zoezi la sehemu kwenye kitabu. Nilipopita kati ya madawati nikaona msichana mmoja ameandika kwamba moja ya nane ni kubwa kuliko moja ya nne. Nikamwuliza kwa nini, akanijibu bila kusita: nane ni kubwa kuliko nne. Nikatazama daftari la jirani yake, naye ameandika vilevile.

BARAKA: Kosa hilo nalifahamu. Wanasoma asili, yaani namba ya chini ya sehemu, kana kwamba ni namba inayojitegemea.

ZUHURA: Ndilo hasa. Ningeweza kuwaacha wamalize, nikakusanya madaftari, na mwalimu wao akirudi akayakuta yamejaa majibu yenye kosa lile lile. Badala yake nikasimamisha zoezi. Nikagawa vipande virefu vya karatasi, nikawaambia wakunje mara moja, katikati, wakunjue, watazame wana sehemu ngapi. Wakunje tena mara mbili, wakunjue, wahesabu. Kisha mara tatu. Yule msichana alipofika kwenye kukunja kwa tatu, alikuwa akibana karatasi kwa ukucha ili mkunjo ushike, kwa kuwa ilikwisha kuwa nene. Alipoikunjua akaanza kuhesabu kwa kidole, moja mpaka nane, kisha akakiweka kidole juu ya kipande kimoja na kukitazama. Akachukua rula, akapima. Hakuniambia neno. Alifuta jibu lake, akafuta na la jirani yake, na jirani akaanza kulalamika, ikabidi amweleze. Maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko yangu: "Ukigawa kwa wengi, kila mmoja anapata kidogo."

BARAKA: Na mwalimu wao alijuaje kwamba hilo limetokea?

ZUHURA: Kwa maandishi, na hapa ndipo wengi wetu tunapopungukiwa. Siondoki mpaka niandike makabidhiano. Siandiki "darasa lilikuwa zuri" au "walipiga kelele", kwa sababu maneno hayo hayamsaidii mtu kesho asubuhi. Naandika tulifika wapi, nini hakikukamilika na kwa nini, nani alikwama na alikwama wapi hasa, na nani alisaidia wenzake. Kwa darasa lile niliandika kwamba zoezi halikukamilika kwa uamuzi wangu, nikaeleza kosa lililojitokeza, na nikaambatanisha vipande vichache vya karatasi vilivyokunjwa. Mwalimu akivikuta anajua aanzie wapi.

BARAKA: Nakiri kwamba nikirudi kutoka ruhusa, swali langu la kwanza huwa ni nani alisumbua. Sikuwahi kuuliza nani alikwama.

ZUHURA: Uliza hilo, nawe utapata mengi. Jambo jingine ni ukimya. Mgeni darasani huogopa ukimya, kwa sababu anahisi ukizidi utajazwa na fujo, basi anauliza swali na kulijibu mwenyewe. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu ya sayansi, alionesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka, wasiojibu hupungua, na wanafunzi wenyewe huanza kuuliza maswali. Sekunde 3 mbele ya watoto usiowafahamu ni ndefu mno. Mimi hutazama chini, kwenye daftari langu, ili macho yangu yasimharakishe yeyote.

BARAKA: Tugusie maisha nje ya darasa. Umevuka thelathini, na wengi mliosoma pamoja wameshaajiriwa. Hilo unalibebaje?

ZUHURA: Nalibeba kwa uzito wake, sitaki kulipunguza. Likizo za shule hazina malipo kwangu. Siku isiyo na simu haina kipato, na hata miadi ya hospitali ni vigumu kuipanga, kwa kuwa nikikataa wito mara chache, jina langu hushuka kwenye orodha. Jamaa huuliza kwa upendo kabisa, "Utaajiriwa lini?" kana kwamba mpaka leo bado sijaanza kazi. Na kuna huzuni ya aina nyingine ambayo haihusiani na fedha: sioni mwisho wa nilichokianza. Naweza kumwacha mtoto anaanza kuunganisha silabi, nisijue kamwe kama alikuja kusoma sentensi nzima. Wewe unawaona wakikua kuanzia mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Natamani sana hilo.

BARAKA: Je, hakuna kanuni inayowalinda?

ZUHURA: Ipo misingi. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966, na ambalo ndilo asili ya Siku ya Walimu Duniani, linasema kwamba walimu wanaofanya kazi kwa saa pungufu lakini kwa utaratibu wa kudumu walipwe kwa uwiano uleule na wa saa kamili, na wawe na masharti yaleyale ya msingi ya kazi. Ila sisi tunaoitwa kwa simu hatuna utaratibu wa kudumu, kwa hiyo tunaangukia nje ya kifungu hicho. Wakati huohuo UNESCO inakadiria kwamba dunia itahitaji walimu zaidi wapatao milioni 44 wa msingi na sekondari kufikia mwaka 2030. Pengo hilo halisubiri mwaka 2030 ndipo lizibwe. Linazibwa leo, siku moja moja, na watu wenye mkoba kama wangu, na kama tutaendelea kuwahesabu kuwa walinzi, tutapata ulinzi.

BARAKA: Pamoja na hayo yote, umeendelea.

ZUHURA: Nimeendelea kwa sababu napata kitu ambacho hata mwalimu mkuu hakipati kwa urahisi: nakaa ndani ya madarasa ya watu wengi mno. Najifunza kwa walimu nisiokutana nao. Nimeingia darasa ambalo watoto walichukua madaftari, wakaandika tarehe, wakaanza kusoma kimya kabla sijafungua mdomo, nami nikajua kwamba mwenye darasa lile amefanya kazi kubwa ya kuwajengea mazoea, kazi inayoonekana wazi kabisa siku asipokuwepo. Nimenakili upangaji wa madawati, namna za kugawa vitabu bila vurugu, hata jinsi ya kuwapa wanafunzi wenye haya nafasi ya kuandika jibu kabla ya kulisema. Nikiajiriwa, nitaingia na hazina hiyo.

BARAKA: Utaikubali ajira ya kudumu ikija?

ZUHURA: Nitaikubali siku hiyohiyo. Lakini hata isipokuja, kuna jambo ambalo shule inaweza kulifanya bila kusubiri sera: iwe na walimu wa muda wachache inaowafahamu, iwaite walewale kila mara, na iwaruhusu kuketi kwenye mafunzo ya ndani pamoja na walimu wengine. Mtoto akiniona kwa mara ya nne, hanipimi tena, anaanza kujifunza dakika ileile.

BARAKA: Kikao chetu cha kupanga muhula kiko karibu. Nitaliwasilisha hilo la kuwaita walewale, na la mafunzo.

ZUHURA: Liwasilishe, kaka. Na uombe pia kila mwalimu aache kwenye droo ya meza yake mpango wa viti wenye majina, pamoja na somo moja kamili ambalo halitegemei wamefika wapi kwenye kitabu.