Mama ameniuliza: "Kwani Moro mawe yameisha?"

Familia, mambo vipi? Mnanisikia? Upepo wa huku juu si wa kitoto, nimeivalisha maiki soksi. Msicheke, soksi ni safi.

Ngoja nigeuze kamera. Mnaliona hilo daraja? La mawe, matao saba, limekaa katikati ya majabali kama vile limeota hapo lenyewe. Lilijengwa mwaka 1851, kabla yake palikuwa na la mbao. Na kule chini kabisa, huo utepe unaong'aa, ndio mto Elbe, mita 194 kutoka hapa nilipo. Panaitwa Bastei, mkoa wa Sachsen, mashariki ya Ujerumani, siyo mbali na mpaka wa Cheki. Kiingilio hakuna. Hakuna geti wala mtu wa kukukatia risiti. Kuna magofu ya ngome hapo pembeni, hayo ndiyo wanatoza kidogo, mimi nimeyapita.

Sasa, asubuhi kabla sijatoka nikampigia mama Morogoro. Shikamoo mama, leo naenda kuangalia majabali, napanda treni mbili na kivuko. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Kwani Moro mawe yameisha?" Nimecheka peke yangu kwenye behewa mpaka mzee wa siti ya mbele akageuka kuniangalia.

Tumalize kwanza la pesa, maana ndilo mnaloniandikia kila siku. "Dada unakula bata, kila wiki uko milimani, mshahara gani huo?" Jamani, mimi natunza wazee kwenye nyumba ya wazee hapo Leipzig, gari sina, na leseni yenyewe sina. Nilicho nacho ni tiketi ya mwezi, Deutschlandticket. Mwaka 2022 serikali ilijaribu kwa miezi mitatu, Juni hadi Agosti, yuro 9 kwa mwezi, nchi nzima ikahamia kwenye treni. Mei 2023 wakaileta ya kudumu kwa yuro 49. Januari 2025 ikapanda mpaka 58, Januari 2026 ikafika 63. Kwa shilingi yetu ni laki moja na themanini na kitu, si ndogo. Lakini mimi nanunua hata nikikaa nyumbani, kwa sababu naendea kazini. Kwa hiyo safari ya leo, treni hazijaniongezea hata senti.

Walioko Ujerumani mnisikilize hapa. Hiyo tiketi haipandi treni za kasi. Zile nyeupe zenye mstari mwekundu, hata kama imesimama mbele yako mlango wazi inakuita, iache iende. Unapanda za mkoa, zile za kusimama kila kijiji, pamoja na basi na tramu. Na inajilipia yenyewe kila mwezi. Ukitaka kuisitisha, fanya hivyo kabla ya tarehe 10, ukipitisha unalipia na mwezi unaofuata. Mimi nilikumbuka tarehe 11, nikiwa naenda likizo nyumbani wiki nne. Niliilipia huku nimekaa Msamvu nakula mahindi ya kuchoma.

Nimetoka Leipzig kwenye saa kumi na mbili na nusu. Treni ya mkoa mpaka Dresden ni kama saa moja na nusu, na reli hiyo ni ya siku nyingi, ilikamilika mwaka 1839. Dresden unashuka, unatafuta S1. Ni treni ya ghorofa. Kaa juu, upande wa kushoto, maana mto unauona upande huo. Baada ya Pirna nyumba zinapungua, majabali yanaanza kuchungulia ng'ambo, na watoto wote mle ndani wanahamia dirishani. Mimi pia. Unashuka Kurort Rathen, stesheni ndogo tu.

Sasa hapa Rathen ndipo penye kile nilichotaka kuwaonyesha kuliko hata daraja. Bastei iko ng'ambo, na mto hauna daraja hapo. Kuna kivuko. Nimeingia, nimesimama, nasubiri mlio wa injini kama pantoni ya Kigamboni. Kimya. Nikadhani kimeharibika. Kumbe tumeshaondoka! Hakina injini ya kukivusha. Kimefungwa kwa waya mrefu, na huo waya umetiwa nanga mbali kidogo, kule mto unakotokea, katikati ya maji, umebebwa na viboti vidogo vilivyojipanga mstari mmoja kama bata na vifaranga. Nahodha anakilaza chombo mshazari, maji yanakisukuma ubavuni, nacho kinateleza mpaka upande wa pili. Kurudi anakilaza upande mwingine. Mafuta hayatumiki, ni mto wenyewe unafanya kazi. Unasikia maji tu yanalamba bati, na mbwa wa mtu anahema. Kigamboni tungesubiri mkondo wa bahari utuvushe tungefika Mbagala, lakini kwa mto hii kitu ni akili kubwa. Beba sarafu za nauli.

Kutoka kivukoni kupanda huku ni ngazi, dakika arobaini kwa mtu wa kawaida. Mimi nimetumia saa nzima, nusu yake nikijifanya napiga picha. Bibi mmoja, umri wa wale ninaowaogesha kazini, amenipita na fimbo zake mbili, "Hallo!" Hii nayo sijawahi kuielewa. Mjini jirani yako wa mlango kwa mlango anakukwepa kwenye ngazi. Mpeleke msituni, anasalimia kila kiumbe.

Chakula nimebeba. Huku juu kuna mgahawa, lakini bei zake ni za kutazamia mandhari. Chapati nne za jana, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai. Leo ni Jumapili, na Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo maji na vitafunwa nunua Jumamosi.

Haya, jina. Eneo hili lote linaitwa Uswisi ya Sachsen, na Uswisi ilivyo mbali na hapa. Nimeuliza, nimesoma. Karne ya 18 kulikuwa na wachoraji wawili Waswisi, Adrian Zingg na Anton Graff, waliitwa mwaka 1766 kuja kufanya kazi kwenye chuo cha sanaa cha Dresden. Walipotazama vilima vya huku wakavifananisha na vya kwao, wakaanza kupaita Uswisi, jina likaganda. Mnaelewa maana yake? Hao ni diaspora wenzangu! Wamekaa ugenini, wamemiss nyumbani, wakaona jabali, wakasema hapa ni kama kwetu. Angekuwepo Mluguru mwaka ule, leo ningekuwa nimesimama Uluguru ya Sachsen.

Ndiyo maana swali la mama limenikaa. Mimi nimezaliwa Moro, mji kasoro bahari. Nikiamka, Uluguru hiyo hapo mlangoni, ina ukungu wake kiunoni. Kule juu kuna Morningside, nyumba ya zamani ya Wajerumani hawa hawa. Wazungu wanatoka Dar wanapanda na begi mgongoni. Akina mama wa Kiluguru wanashuka alfajiri na mboga kichwani kuja sokoni. Mimi miaka ishirini sijawahi kufika. Sikuwahi hata kufikiria. Mlima ulikuwa wa kuangalia mvua inatokea wapi.

Na sasa hivi hakuna kisingizio. SGR ipo tangu 2024. Mtu wa Dar anapanda asubuhi anashuka Moro, anachukua bodaboda, anapanda mlima, jioni yuko kwake anaoga.

*

Nimerudi. Nimeshuka kwa njia nyingine, inaitwa Schwedenlöcher, mashimo ya Waswidi. Mwaka 1639, vita vya miaka thelathini, wanakijiji walijificha humo kuwakimbia wanajeshi wa Uswidi. Ngazi kama 700, zinapita katikati ya miamba, kuna mahali mabega yanagusa ukuta huku na huku, maji yanachuruzika, baridi kama ndani ya friji. Ndipo raba zangu za kuendea kanisani zikanisaliti. Nimekaa chini mara mbili. Simu nzima, suruali hapana. Vaeni viatu vyenye meno.

Nipo kivukoni tena. Nimempigia mama, nimemwambia Desemba nakuja, na mimi na yeye tunapanda Morningside. Amesema sawa, ila bodaboda itufikishe barabara inapoishia, na chapati safari hii nipike mimi.

Hicho kinakuja, mnakiona? Hakina hata mlio. Ngoja nitafute sarafu.